Anwani za Babu Kandokando ya Mto Malaba

Babu yangu mzaa baba aliacha karatasi mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kipande, kile alichokivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati alipokwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kipande hicho kinamtaja kuwa mtu wa wilaya ya North Kavirondo, Koloni la Kenya, na kinaandika jina la chifu wa huko. Ya pili ni tiketi ya kodi ya kichwa, ambayo sisi upande wa Mella tunaiita musolo, nayo inamweka saza ya Tororo, Uganda. Mtu ni yule yule, jina ni lile lile, nchi ni mbili.

Ndugu zetu wa Amukura, upande wa Kenya, hushikilia kwamba mzee alizaliwa kwao, akahamia kwetu. Sisi wa Mella, upande wa Uganda, tunasema hakuhama. Ugomvi huo si wa maneno matupu, kwa sababu anayejua mji wa mzee ulipokuwa ndiye anayejua nani alime wapi na nani azikwe wapi. Mimi nilifundisha jiografia katika shule za msingi mpaka nilipostaafu, ndiyo maana ukoo ukanipa kazi ya kuutafuta mji wenyewe kwa ramani. Niliipokea kwa moyo wote. Naandika nilivyoifanya kwa sababu familia nyingi za mpakani, kuanzia Busia hadi Lwakhakha, zina karatasi za namna hiyo sandukuni na hazijui zisomweje.

Mwenye babu aliyeishi mjini ana nafuu. Baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani Nairobi kabla ya uhuru, na bahasha zake zinataja Bazaar Street. Hiyo leo ni Biashara Street, na ukifika huko bado utakuta maduka ya vitambaa. Government Road ikawa Moi Avenue, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Victoria Street ikawa Tom Mboya Street, Hardinge Street ikawa Kimathi Street. Barabara hazikuhama; ukiwa na orodha ya majina ya zamani na ya sasa unafika mpaka mlangoni. Nyaraka za Taifa za Kenya, ambako watu wengi huanzia utafutaji wao, ziko kwenye hiyo hiyo Moi Avenue, ndani ya jengo lililokuwa la Bank of India. Hata majina ambayo hayakuandikwa kwenye kibao chochote hufumbuka ukiuliza wazee. Mzee akikwambia alikuwa kibarua Sisibo, usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ni Eldoret. Mji ulipewa jina hilo la kiserikali mwaka 1912, lakini vibarua waliendelea kuuita kwa namba ya shamba ambalo mji ulijengwa juu yake, yaani 64.

Mella hakukuwa na mtaa. Wala Kwapa, wala Molo, wala Chakol kule ng'ambo. Mtu alitajwa kwa mkubwa wake, kwa ukoo wake, na kwa maji aliyoteka. Wageni waliopita na daftari waliandika hilo la kwanza tu. Joseph Thomson alipofika pande hizi mwaka 1883 kupitia nchi ya Wamasai, ramani yake ilipaandika makao ya mtawala wa Wanga kuwa Kwa Sundu. Sundu, au Shiundu, ni baba yake Nabongo Mumia, mfalme aliyemrithi. Muda si mrefu misafara ya Waswahili na ya Wazungu ikawa inasema Kwa Mumia, na hapo ndipo lilipotoka jina la mji wa Mumias. Anayeshika ramani ya msafara inabidi alijue hilo kabla ya kuweka kidole mahali: kilichoandikwa mara nyingi ni jina la mtu aliyekuwa akitawala mwaka ule, na mtawala akifa au akihama, jina nalo linahama au linapotea.

Majina ya watu nayo yanahitaji uangalifu. Nilipoanza kuzipekua ramani za mwisho wa karne ya 19 nikitafuta watu wetu, Wateso, sikuwaona. Hawakuwepo kwa jina hilo. Waliopita kutokea kwa Wamasai waliandika Elgumi. Waliokaa kwa Wanga waliandika Wamia. Waliokuja kutoka Buganda waliandika Bakedi, na jina hilo waliwatupia watu wengi wa mashariki ambao lugha zao hazifanani, Wateso kwa Wajopadhola kwa Wagwere. C. W. Hobley, ofisa wa serikali aliyekaa Mumias miaka ya 1890 na aliyechora ramani ya Kavirondo, anaandika Elgumi. Kwa hiyo jambo la kwanza si kuuliza jina la ukoo wako liko wapi kwenye ramani. Jambo la kwanza ni kuuliza mchoraji alikuwa amekaa kwa nani, na kiongozi wake wa njia alikuwa mtu wa wapi. Ukishalijua hilo, Elgumi wa karatasi wanakuwa bibi na babu zako.

Halafu mpaka. Vijana wengi wa Malaba na Busia hudhani umekuwepo siku zote. Mpaka tarehe 1 Aprili 1902, Mumias, Kisumu na nchi yote mpaka karibu na Naivasha ilikuwa sehemu ya Himaya ya Uganda. Siku hiyo eneo lote lile likakabidhiwa Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Reli ilikuwa imeshafika Kisumu Desemba 1901, na serikali ilitaka iwe chini ya utawala mmoja. Mstari mpya ukafuata mto Sio kutoka ziwani, ukakata nchi kavu maeneo ya Busia na Alupe, ukashika mto Malaba, ukapanda nao na Lwakhakha mpaka Mlima Elgon. Ulithibitishwa kwa amri ya mfalme wa Uingereza mwaka 1926. Mji wa mtu aliyezaliwa mwaka 1895 ng'ambo ya Malaba ulibadilishwa nchi akiwa bado mtoto mdogo, na mama yake hakuhamisha hata chungu.

Baada ya hapo kila upande ukapata waandishi wake. Upande wetu Semei Kakungulu, jemadari Muganda, alianza kuiteka Bukedi kuanzia 1899 na kupanga nchi kwa mtindo wa Buganda: saza, chini yake gombolola, chini yake muluka. Mawakala wake waliandika kwa Kiganda, na Kiganda kilikaa ofisini na kanisani kwa miaka mingi. Waliandika majina ya Kiteso kama masikio yao yalivyoyapokea: r ikawa l, l ikawa r, na irabu ikaongezwa mwishoni. Ukitafuta jina la babu yako kama unavyolitamka wewe, utapita juu yake mara tatu bila kulitambua. Lisome kwa sauti, kama Muganda aliyelisikia leo asubuhi. Ng'ambo, Wateso waliwekwa chini ya machifu wa ukoo wa Wanga, akiwemo Murunga, ndugu yake Mumia, na daftari zao zikaandikwa kwa masikio ya Kiwanga. Ndugu wawili, mmoja Mella na mmoja Amukura, wangeweza kuandikwa majina ya baba ambayo mgeni hawezi kuamini ni ya mtu mmoja.

Majina ya wilaya nitayapitia haraka, maana yanachosha, lakini pasipo kuyajua huwezi kuijua tarehe ya barua. Kenya: North Kavirondo mpaka 1948, kisha North Nyanza, Wateso wakatiwa Elgon Nyanza mwaka 1956, Busia mwaka 1963, miaka ya 1990 wakapata wilaya yao ya Teso, na tangu 2013 eneo hilo limo Kaunti ya Busia. Uganda: Bukedi, miaka ya 1920 kulikuwa na wilaya ya Budama yenye makao Tororo, ikamezwa na wilaya ya Mbale, Bukedi ikarudi 1954, ikaitwa Tororo mwaka 1980, na Busia ya Uganda ikajitenga 1997. Bahasha iliyoandikwa "Elgon Nyanza" haiwezi kuwa ya mwaka 1950. Nimewahi kuimaliza hoja ya mazishi kwa bahasha moja.

Jambo la kufurahisha ni kwamba majina yaliyofutwa serikalini yamesalia kwenye ardhi. Upimaji wa mashamba ulipofika Busia ya Kenya, sehemu za usajili zilipewa majina ya lokesheni za wakati ule, na hati miliki mpaka leo zinasoma South Teso/Angoromo, au North Teso/Kocholia, au Bukhayo/Mundika, halafu namba ya shamba. Mtu akikuonyesha hati, usitazame namba peke yake. Kule kwenye ofisi ya ardhi kuna kadi ya kijani ya kila shamba, na humo wameandikwa waliolimiliki mmoja baada ya mwingine tangu siku lilipoandikishwa. Kwa familia nyingi za Kenya, kadi hiyo ni ngazi ya kurudi mpaka kwa babu aliyesimama shambani siku wapimaji walipokuja. Mella hatuna hiyo. Ardhi yetu ni ya kimila, jambo ambalo Sheria ya Ardhi ya 1998 inalitambua, na shahidi wetu mkubwa ni mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, na wazee waliokaa jirani.

Na upande wetu kuna pengo la moto. Januari 1960 watu wa Bukedi walichoka na makadirio ya kodi na ukali wa machifu. Ghasia zikaenea saza kwa saza, nyumba za machifu zikachomwa, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Nyumba ya chifu wakati huo ndiyo ilikuwa pia kabati la daftari. Siwalaumu waliochoma. Kodi ilipangwa na watu walioweza kumwandikia jirani yao mali asiyokuwa nayo. Lakini ukienda gombolola fulani ukaambiwa karatasi zinaanzia miaka ya 1960, ujue sababu, na usidhani karani anakuficha.

Ramani za zamani zina hatari yake pia. Februari 1976, Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, mpaka kilomita 32 kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda kihistoria, na aliegemea hiyo mipaka ya kabla ya 1902. Mstari alioutaja uliwahi kuwepo, lakini kuutumia kudai watu ni jambo jingine kabisa. Sisi wa mtoni tulikaa na hofu, maana wanajeshi wakigombana juu ya karatasi, wanaofungiwa njia ya kwenda kwenye matanga ya shangazi ni sisi. Tangu wakati huo nimekuwa mkali kwa yeyote katika ukoo anayetaka ramani ya babu iwe silaha ya kumfukuza binamu.

Basi nikafika kwenye ramani zenyewe. Zilizonisaidia kuliko zote ni zile za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndege za Uingereza zilipiga picha nchi hizi kutoka angani, na ofisi ya upimaji wa makoloni iliyoundwa London mwaka 1946 ikazigeuza picha hizo kuwa ramani, karatasi kwa karatasi. Mfululizo wa Uganda unaitwa Y732, wa Kenya Y731. Za Uganda hutafutwa Entebbe kwenye ofisi ya upimaji. Za Kenya hutafutwa Survey of Kenya, Ruaraka, kando ya barabara ya Thika. Mtu wa Mella lazima awe nazo zote mbili, kwa sababu mji wa babu yake uko pembeni mwa karatasi, na mashamba aliyolima yanaweza kuwa pembeni mwa karatasi nyingine.

Nilizitandaza mezani nikazikutanisha mtoni. Mistari ya kahawia inaonyesha mwinuko, na ikisongamana ujue hapo mtu hakulima mtama bila kupoteza udongo. Buluu ni maji. Vijito vinavyoshuka kwenda Malaba vinaonekana vyembamba kama nyuzi, na penye kinamasi pana alama za manyasi. Kuna vijialama vyeusi vya nyumba, kanisa, shule, kiwanda cha kuchambulia pamba. Majina yameandikwa kwa herufi ndogo, mengine yamekosewa: Malaba ni Malawa kwenye karatasi kadhaa za zamani. Nikachukua karatasi nyembamba nikanakili vijito tu. Nyumba sikuzinakili, wala barabara, wala majina. Maji peke yake.

Nilifanya hivyo kwa sababu kila kitu kingine kilihamahama. Reli ya kutoka Turbo kupita Malaba na Tororo ilifunguliwa mwaka 1928, kwa hiyo ramani isiyo na reli Tororo ni ya kabla ya hapo, na simulizi linalosema "mji ulikuwa juu ya reli" limetoka kwa mtu aliyezungumza baada ya hapo. Kiwanda cha saruji cha Tororo ni cha miaka ya 1950. Kwenye fukwe za Ziwa Viktoria upande wa Uganda hali ni ngumu zaidi: ugonjwa wa malale uliua watu kwa maelfu mengi kuanzia mwaka 1900, na Gavana Hesketh Bell akaamuru watu waondolewe kwenye ufuo kati ya 1906 na 1908. Mtu wa kule akiona ramani ya miaka iliyofuata haina vijiji asiseme mababu zake hawakuishi pale. Waliondolewa.

Maji hata hivyo yana ushahidi wake. Sio huingia Ziwa Viktoria. Malaba, ukishaacha kuwa mpaka, hugeuka magharibi na kuelekea Mpologoma na Ziwa Kyoga. Kati ya Busia na Malaba kuna mwinuko unaogawa maji, na bibi anayesema "kijito chetu kilikimbilia jua linakozama" amekwambia mengi kuliko tiketi ya kodi. Bibi wengi husema hivyo, ila hatuwaulizi. Tunawauliza kijiji, nao wanatutajia kijiji cha leo.

Kosa kubwa ninaloliona kwa vijana wanaorudi kutoka Kampala na Nairobi ni kutafuta kaburi. Wanataka kaburi la babu wa babu, ili waweke saruji na bamba. Wateso wa zamani walimzika mtu nyumbani, lakini baada ya miaka kadhaa mifupa ilifukuliwa kwa heshima, ikapelekwa chini ya mti, nje ya makao, ipate baridi. Na mji wenyewe haukuwekwa mahali pamoja milele. Ardhi ikichoka, vifo vikizidi, ng'ombe wakiongezeka, mtu alijenga upya, mara nyingi si mbali, ng'ambo ya kijito tu. Kwa hiyo "mji wa babu" ni eneo lenye miji kadhaa ndani yake, na kutafuta nukta moja ni kuwatafutia wajukuu vita. Wala tusijidai kuwa wa kwanza. Kule Kakapel, kwenye pango la michoro kwenye vilima vya Chelelemuk upande wa Kenya, watafiti walieleza mwaka 2024 kwamba walikuta kunde za miaka 2,300 iliyopita. Waliozila hatuwajui, wala lugha yao hatuijui.

Aliyenifungulia mlango ni shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa mzee sana wakati huo lakini mwenye macho makali. Alinikuta na karatasi zangu za buluu uani, akasimama na fimbo yake.

"Mama, umechora mishipa ya nini?"

"Ni vijito, shangazi. Natafuta mji wa babu."

"Mbona huniulizi alikunywa na nani?"

Hapo nikakaa chini. Kwetu ajono, pombe ya wimbi, hunywewa kwa mirija mirefu, watu wamezunguka chungu kimoja, na hakuna anayesafiri nusu siku kila jioni kwa ajili ya mrija. Ivan Karp, Mmarekani aliyeishi na Wateso wa Kenya akifanya utafiti kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, aliandika kwa kirefu jinsi kunywa pamoja kulivyoonyesha ujirani. Shangazi hakuhitaji kitabu chake. Alitaja watu wa chungu cha babu mmoja mmoja, na kila mmoja akamtaja na mahali alipokaa kwenye duara: nani karibu na mlango, nani upande wa mkono wa kushoto, nani alikuja na mrija wake mwenyewe. Niliandika majina yote. Siku zilizofuata nikatafuta wajukuu wa kila jina, nikawauliza jambo moja tu: wazee wenu waliteka maji wapi?

Majibu yalikusanyika kwenye kijito kimoja, ambacho sitakitaja kwa sababu mashamba yake bado yana kesi. Kiko upande wa Mella, kwenye mteremko wa kuelekea Malaba. Kwenye ramani kina jina lililoandikwa kwa l badala ya r. Tulikwenda kukitembea na wazee wa pande zote mbili. Pana mkwaju mkubwa, ule tunaouita epeduru. Pana mstari wa minyaa iliyokwisha kuwa miti, ambayo haiwezi kuota kwa mstari ulionyooka namna ile isipokuwa mtu aliipanda iwe ua. Na chini ya nyasi pana jiwe la kusagia lililolika katikati mpaka likawa kama bakuli. Mzee mmoja wa Amukura alitia kiganja chake ndani ya tundu hilo akakiacha humo kwa muda mrefu, halafu akasema, "Huyu alisagia watu wengi." Mita mia chache juu yake, ukivuka kijito, pana mstari wa pili wa minyaa, wa umri mdogo zaidi. Miji miwili ya mtu mmoja, na yote iko Mella.

Kipande basi kilitoka wapi? Shangazi alilijua jibu tangu zamani na hakuna aliyemuuliza. Sheria ya kipande ilitungwa Kenya mwaka 1915 na ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, kuanzia 1919. Mwanamume Mwafrika hakuweza kuajiriwa na mlowezi bila kipande chenye alama za vidole, jina la wilaya na la mkubwa wake. Babu alitaka kwenda Sisibo. Akavuka mto akakaa kwa mjomba wake, upande wa Amukura, akaandikishwa chini ya chifu wa mjomba, akaondoka. Aliporudi alirudi kwao, akalipa musolo Tororo. Kwa hiyo ndugu zetu wa Amukura hawakuwa wakisema uongo: anwani ni ya kwao kweli, ni mji wa mama yake babu. Sisi tuliisoma karatasi kana kwamba iliandikwa kwa ajili yetu, kutuonyesha nyumbani, ilhali iliandikwa kwa ajili ya ofisa aliyetaka kujua amwulize chifu gani kibarua akitoroka. Tiketi nayo iliandikwa ili kodi isipotee. Hakuna hata mwandishi mmoja wa karatasi hizo aliyeuliza mzee aliteka maji wapi.

Nikatambua pia kwamba mpaka hapo nilikuwa nimetafuta wanaume tu. Hayo ndiyo maumbile ya karatasi hizi. Kipande ni cha mwanamume. Tiketi ni ya mwanamume. Kodi ya nyumba ya mwanzoni ilihesabu kila kibanda, na kila mke alikuwa na kibanda chake, kwa hiyo bibi zetu wamo kwenye daftari za serikali kama idadi: nyumba mbili, nyumba tatu. Anayewataja kwa jina ni padri. Mapadri wa Mill Hill waliofika Uganda mwaka 1895 waliandika ubatizo kwa Kilatini, na kwenye kila mstari wa daftari kuna mtoto, baba, mama, msimamizi wa ubatizo, na mara nyingi mahali. Kilatini chenyewe ni maneno machache yanayojirudia ukurasa baada ya ukurasa. Mtu mwenye subira huyazoea kabla ya chakula cha mchana. Kinachosumbua ni mwandiko, na wino uliofifia pale ambapo mvua iliwahi kupenya paa.

Bibi mzaa baba alikuwa Mjopadhola, kutoka upande wa Nagongera. Padri wa sasa wa parokia alitukubalia tusome ndani ya ofisi, bila kupiga picha, mikono ikiwa safi. Binamu yangu wa Amukura alikuja na miwani yake, tukakaa bega kwa bega, yeye akisoma safu ya akina mama, mimi safu ya mahali. Jina la mama yake bibi limo, limeandikwa kwenye ubatizo wa mdogo wake bibi, na kando yake kuna jina la kijiji ambacho nimekiona kwenye karatasi ya Y732, upande wa kaskazini wa reli, penye vijito viwili vinavyokutana. Watoto wakifunga shule Desemba tutakwenda, sisi na wa Amukura kwa matatu moja, na tumeshamtuma mtu kuuliza ni nani pale anayepika ajono.